Kadi ilisema AB, baba ni O: yaliyonipata nilipojipima kundi la damu nyumbani

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kujua kundi lake la damu akiwa nyumbani bila kwenda maabara. Inawezekana, nimefanya. Ila kabla hujanunua kadi soma yaliyonipata, maana nusura niwavuruge wazazi wangu.

Shemeji yangu anayeishi Ujerumani alikuja likizo Morogoro na kadi mbili za kupimia. Ni karatasi ngumu yenye miduara minne. Mitatu imepakwa dawa iliyokaushwa: moja hukamata A (alama iliyo kwenye chembe za damu), nyingine alama ya B, ya tatu hukamata D, ambayo ndiyo hutenganisha chanya na hasi. Duara la nne halina dawa ya kukamata chochote, ni la kuhakiki. Unadondosha tone la maji kila duara, unajitoboa kidole, unachukua damu kwa kijiti (kila duara na kijiti chake), unakoroga, kisha unainamisha kadi huku na huku taratibu. Damu yako ikiwa na A, kwenye duara la A itakatika punjepunje kama maziwa yaliyoharibika yakipata moto. Isipokuwa nayo, inabaki laini.

Mimi kidole kilitoa damu kwa shida. Nikawa nakikamua, huku nasoma maelekezo, huku natafuta vijiti. Nilipomaliza, miduara yote minne ilikuwa na punje. Nikaandika: AB chanya.

Sasa baba yangu ni mchangiaji damu wa siku nyingi, na kadi yake ya Damu Salama inasema O chanya. Mtu wa O hana A wala B ya kumrithisha mtoto. Mwanawe anaweza kuwa A, B au O kutegemea alichopewa na mama, lakini AB hapana. Hilo nililikumbuka tangu sekondari, na usiku ule usingizi ulinipaa. Karibu wiki mbili nilikuwa namkwepa mama. Akiniandalia chakula nasema nimeshiba. Nashukuru Mungu sikumtamkia neno.

Aliyenitoa humo ni jirani yetu, mtu wa maabara. Aliitazama ile kadi, akaweka kidole kwenye duara la nne. "Hapa hapana dawa. Sasa damu imeshikana na nini?" Damu ilikuwa imeanza kuganda yenyewe kwa sababu nilichelewa, nami nikadhani mabonge ndiyo majibu. Duara la nne likishikana, kadi nzima ni ya kutupa.

Kadi ya pili niliitumia mbele yake. Nilinawa kwa maji ya vuguvugu, nikaning'iniza mkono chini kidogo damu ishuke, kila kitu kikiwa tayari mezani. B chanya. Mwezi uliofuata nilikwenda kuchangia damu, wakanipima: B chanya. Mama naye, kwenye kadi yake ya zamani ya kliniki, ni B.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumpima mtoto ili ujue kama kweli ni wako, nakuomba sana usifanye hivyo kwa kadi ya nyumbani. Hata kundi likipimwa sawasawa, kufanana hakuthibitishi kwamba mtoto ni wako, na kutofautiana nako kuna mitego yake. Wapo watu wachache wenye kundi liitwalo Bombay, lililogunduliwa India mwaka 1952. Wakipimwa kwa kawaida huonekana O, kumbe wanaweza kuwa wamebeba A au B na kumrithisha mtoto. Suala la nani ni baba wa mtoto ni la vinasaba, na hapa kwetu hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Zile programu za simu zinazodai kusoma kundi kwa kuweka kidole kwenye kamera, achana nazo. Zile chupa ndogo za dawa ya kupimia za maabara, ya bluu kwa A, ya njano kwa B na isiyo na rangi kwa D, zinafanya kazi, ila hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyoshinda juani kwenye rafu siiamini. Kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja, mara moja, hata kama ni mkeo.

Njia ninayowashauri wengi ni kuchangia damu. Ukiwa na miaka 18 hadi 65, kilo 50 na kuendelea, na afya njema, unajua kundi lako bure na mgonjwa anapata damu.

Kama unayemuulizia ni mama mjamzito, aende kliniki mapema. Akiwa hasi na baba ni chanya, kuna sindano ya anti-D anayotakiwa kupata ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya, na mimba ikiharibika pia amwambie daktari kundi lake. Bila hiyo, mwili wake unaweza kuja kuishambulia damu ya mtoto anayefuata.