Kamba au msumeno wa kukatia theluji inayoning'inia ukingoni mwa mlima?

Umeuliza uchague kipi kukatia theluji hiyo, msumeno wa sentimita 35 au kamba: chukua kamba. Msumeno mfupi utakulazimisha usogee juu ya theluji inayoning'inia, nayo hukatikia nyuma zaidi ya unavyodhani. Hapo ndipo watu huanguka nayo. Kamba ya nailoni ya milimita 5 au 6, mita 10 hivi, inatosha. Piga fundo kila sentimita 25, maana mafundo ndiyo meno. Bila mafundo inateleza tu.

Muwe wawili, mmoja kila upande, mkivuta kamba kwa zamu kama msumeno, kila mmoja amefungwa kwenye nanga (kishikizo imara cha kuzuia asianguke) iliyo nyuma kabisa. Theluji ngumu kama barafu? Iacheni. Na kwanza hakikisheni bondeni hamna mtu: kipande kikianguka huweza kuamsha maporomoko ya mteremko mzima.