Wachoraji, tunzeni rasimu zenu

Juzi msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia. Katengeneza nembo kwa programu ya akili mnemba, kamuuzia mwenye mgahawa, na sasa mgahawa wa pili umeibandika kwenye mabango yake. Anauliza, ashtaki? Nikaona nijibu hapa, maana linatuhusu wote tunaoishi kwa kuchora, na mimi yamenikuta.

Nilichora mama muuza samaki kwa ajili ya kitabu cha watoto. Beseni lake nililichora huku nikilitazama la shangazi yangu, limebonyea upande mmoja, na ukingoni rangi imebanduka ikaacha doa jeusi. Baadaye nikamkuta mama yuleyule kwenye fulana, Kariakoo. Uso umebadilishwa, kanga imepewa maua mengine, lakini beseni limebonyea palepale na doa lipo. Mwenye fulana akanijibu bila haya: "Hii imetengenezwa na kompyuta, dada. Haina mwenyewe."

Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Nilirudi na wakili, na daftari langu la michoro ya penseli, mafaili yenye tarehe, na barua pepe nilizoandikiana na mchapishaji. Yule bwana akatazama beseni kwenye daftari, akatazama fulana, akanyamaza. Alinilipa, na mzigo uliobaki akauondoa. Najivunia siku ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapoumbwa, hata kama hujaisajili, kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuipitisha kazi yangu kwenye programu hakuifanyi iwe yako. Ila ukienda kudai lazima uwe na ushahidi, na ushahidi ni rasimu. Usizifute. Usizitupe hata zile mbaya.

Nembo ya msomaji wangu ni habari nyingine, kwa sababu sheria hiyohiyo inamtambua mtunzi kuwa ni binadamu. Marekani nako ni hivyo. Mwaka 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya huko ilikubali maneno na mpangilio wa kitabu cha katuni cha Kris Kashtanova, ikazikataa picha zilizotoka Midjourney, programu ya akili mnemba inayotengeneza picha. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ikamkatalia Stephen Thaler aliyetaka mashine yake iandikwe kuwa ndiyo mtunzi. Kenya wana mlango kidogo: sheria yao ya 2001 inampa haki aliyefanya maandalizi ya kazi iliyozalishwa na kompyuta. Sisi hatuna kifungu hicho.

Kwa hiyo hakimiliki haitamfikisha mbali. Mteja wake awahi BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, akaisajili nembo kama alama ya biashara, maana huko hawaulizi nani kachora, wanaangalia kama inamtofautisha na wengine.

Na ninyi vijana mnaotaka kula kwa sanaa, shikeni penseli kwanza. Mashine mkiitumia, itumieni juu ya kitu kilichotoka mikononi mwenu, na rasimu muwe nazo. Ukikabidhi kazi, andikiana na mteja: kipi umechora mwenyewe, kipi kimetoka kwenye programu, na haki anazonunua ni zipi. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha, na isainiwe kabla hujapokea malipo ya awali.