Mbona Webley hairudi kiwandani?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mtama, Lindi. Marehemu babu alifanya kazi Liwale na bwana nyama (afisa wanyamapori) mmoja wa Kiingereza, na hadithi zake hazikwisha bila ile Webley ya kiunoni, rivolva ya Kiingereza. Naona Colt Python, rivolva ya Kimarekani, imerudi sokoni. Webley Mk VI (toleo la sita) imekosa nini? Si waiunde upya kwa chuma cha kisasa, ipige na magnum, zile risasi kali?

JIBU: Marahaba. Huko kwenu wala si ngeni: Mk VI iliingia jeshi la Uingereza 1915, na vita ya Mahiwa, ya Waingereza na Wajerumani, ni Oktoba 1917. Ila usiipime kwa Python. Python ilianza 1955, ikasimama 2005, ikarudi 2020, na fremu yake imeziba juu na chini. Colt waliongeza chuma chini ya kilengeo cha nyuma, wakapunguza vipuri vya ndani, basi.

Webley inakunjwa katikati. Unasukuma komeo kwa dole gumba, mtutu unainamia kwenye bawaba, nyota iliyo ndani ya silinda (ngoma inayobeba risasi) inanyanyuka na kutupa maganda yote sita kwa mpigo. Utamu wake uko hapo, na udhaifu wake hapohapo. Kila risasi inapolia, mtutu na fremu vinataka kuachana, na kinachovishika ni komeo lile na pini ya bawaba. Risasi yake ya .455 (kipenyo kwa inchi) ni nzito na ya polepole, haina fujo. Magnum ya .357 kikomo cha msukumo wake ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Hata chuma kikiwa kizuri, maungio yatalegea na silinda itaanza kucheza. Ukinenepesha kila kitu ili ihimili, umepata rivolva nyingine, na nzito.

Mfumo wenyewe haujafa, lakini. Viwanda vya serikali vya Kanpur, India, vimekuwa vikitoa rivolva za .32 zenye asili ya Webley Mk IV. Mwaka 2014 wakaleta Nirbheek, nyepesi, ya titani, wakiwalenga wanawake. Bwana nyama wa babu yako angeicheka. Bawaba inadumu kwa sababu risasi yake ni ya upole.

Ukiletewa Mk VI ya zamani, yenye kibali halali, kwanza tazama mgongo wa silinda. Nyingi zilizopitia Marekani zilichongwa pale zipokee .45 ACP, risasi ya bastola ya Kimarekani, ambayo kikomo chake ni pauni 21,000, msukumo ambao Webley haikuundwa kuubeba. Iliyochongwa usiipakie kabisa risasi hizo za dukani, hata muuzaji akikuapia.

Halafu ifungue uikague bawaba. Hewa ya chumvi ya pwani yetu huanzia kutu hapo.