Maswali ya Wasomaji: Maji ya Rejeta Yamegeuka Rangi ya Kutu

SWALI: Nimefungua rejeta nikakuta maji ya rangi ya kutu, ingawa gari halijawahi kuchemsha. Nimeyamwaga kwa koki ya chini na kujaza maji safi, lakini kesho yake rangi imerudi ile ile. Nakosea wapi?

JIBU: Umeanza vizuri, ila umeishia njiani. Koki ya chini hutoa maji ya rejeta peke yake. Yale ya ndani ya bloku (mwili wa injini), ya silinda hedi (kichwa chake cha juu) na ya hita hubaki humo humo, kwa sababu injini ikiwa baridi themostati, vali inayofunguka kwa joto, huwa imefunga njia. Mfumo wa lita 6 unaweza kukutolea lita 3 tu. Ukijaza maji safi, nusu ya uchafu bado iko ndani. Ukimwaga na kujaza tena inabaki robo, na mara ya tatu inabaki thumni, yaani sehemu moja ya nane. Ndiyo maana kusafisha huku ni kazi ya kurudia rudia, na inataka siku nzima usiyo na safari.

Anza na gari lililolala usiku kucha. Mfumo ukiwa wa moto huwa na shinikizo, na kwenye magari mengi kifuniko hushikilia takriban bar 1. Kwa shinikizo hilo maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, shinikizo hutoweka na maji huchemka papo hapo yakaruka usoni. Kitambaa kizito mkononi hakikukingi uso.

Weka hita kwenye joto la juu kabisa ili kama ina vali, ifunguke. Tega beseni, fungua koki, na maji yakiisha kutoka yapime kwa lita na uandike. Namba hiyo utaihitaji wakati wa kuweka kulanti, dawa ya kupoza injini na kuzuia kutu, na wengi huisahau. Koki za plastiki zikizeeka hukatika kirahisi. Ikikataa kuzunguka kwa mkono, usiishike kwa plaizi. Legeza klipu ya mpira wa chini wa rejeta. Mpira ukiwa umegandia, uzungushe kwanza pale pale ulipo hadi uachie, ndipo uutoe. Ukiuvuta kwa nguvu utapasua shingo ya rejeta, ambayo kwa magari mengi ya sasa ni plastiki.

Funga, jaza maji safi, washa injini. Shika mpira wa juu wa rejeta kwa uangalifu, mbali na feni na mikanda. Mwanzoni utakuwa wa baridi, kisha utapata moto ghafla: hapo themostati imefunguka, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 88, na maji ya bloku yameanza kuchanganyika na ya rejeta. Usiizime kabla ya hapo, maana utakuwa umeosha rejeta tu. Iache ingurume dakika kumi zaidi, zima, ngoja ipoe kabisa, mwaga, rudia. Haraka ya kumimina maji baridi kwenye injini ya moto ndiyo inayopinda silinda hedi za alumini, na hasara yake haifanani hata kidogo na saa mbili za kusubiri.

Mara tatu au nne kwa kawaida hutosha. Usiyaamini maji kwa kuyatazama ndani ya beseni. Yachote kwenye glasi, yaache saa nzima, kisha yatazame kwenye mwanga. Ukiona vumbi la kahawia limetuama chini, bado. Mizunguko miwili ya mwisho tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi yake), kwa kuwa maji ya bomba au ya kisima huwa na chumvi zinazojenga ukoko kama ule wa ndani ya birika.

Chupa ya akiba ivue uioshe peke yake. Ukitumia sabuni, suuza hadi povu liishe kabisa, kwani povu likiingia kwenye pampu ya maji halibebi joto. Kama baada ya yote hayo kahawia haiishi, tumia dawa ya kusafishia rejeta iliyoandikwa kuwa inafaa kwa alumini, na usizidishe muda uliotajwa kwenye chupa. Magadi na dawa ya kufulia nguo nyeupe tunavikataa moja kwa moja: vinakula alumini.

SWALI: Nimeshaosha. Sasa nijaze kulanti kiasi gani?

JIBU: Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Baada ya kuosha na kumwaga mara ya mwisho, ndani ya bloku bado kuna maji matupu. Tuseme mfumo ni lita 6, zimetoka 3 na 3 zimebaki. Ukimimina lita 3 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, utapata mfumo wenye kulanti asilimia 25 tu, na kutu itarudi.

Nunua kulanti isiyochanganywa. Soma kwenye kitabu cha gari mfumo mzima ni lita ngapi, gawa kwa mbili, na kiasi hicho kiingie kwanza. Kwa mfano wetu ni lita 3, rejeta imejaa, na mchanganyiko ni nusu kwa nusu. Zikiwa zimetoka lita 4, weka 3 za kulanti kisha lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Zikitoka 2.5 tu, utafika karibu asilimia 42, nayo si mbaya. Ukitaka nusu kamili itabidi ufungue pia skrubu ya kumwagia ya bloku, kama injini yako inayo. Kuijaza kulanti tupu kwa kudhani ndiyo kinga zaidi ni makosa, kwani maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti.

SWALI: Kabla ya kusafisha gari lilikuwa halichemshi. Nimesafisha, sasa linachemsha, na hita inatoa hewa baridi. Nimeharibu pampu?

JIBU: Haielekei. Hita baridi huku injini ikichemsha, tena mara tu baada ya kujaza, karibu kila mara ni hewa iliyonasa ndani. Maji hayafiki kwenye hita, na sehemu ya silinda hedi inapikwa ikiwa kavu. Usiendelee kuliendesha. Geji nayo inaweza kukudanganya: kihisio chake kikikaa kwenye hewa badala ya maji, mshale unaweza kuonyesha baridi wakati chuma kinaungua.

Injini ikiwa baridi, egesha gari pua ikiwa juu, kwenye mteremko, breki ya mkono imevutwa na magurudumu yamewekewa vizuizi. Kifuniko cha rejeta kikae wazi, hita joto la juu. Kama karibu na themostati kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegeze na ujaze taratibu hadi yatoke maji yasiyo na mapovu, ndipo uikaze. Washa injini, bonyeza-bonyeza mpira wa juu, na kila maji yakishuka ongeza. Mapovu yatapanda makubwa, kisha madogo, kisha yataacha. Funga kifuniko maji yanapoanza kupanda yenyewe. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili; hita ikitoa joto, hewa imeisha. Kesho yake, injini ikiwa baridi, angalia chupa ya akiba. Mara nyingi huwa imeshuka kidogo. Ongeza hadi kwenye alama.

Mapovu yakiendelea bila kukoma hata baada ya nusu saa, hiyo si hewa ya kujazia. Ni gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na silinda hedi), na hapo mpelekee fundi.

SWALI: Nimeshauriwa nitoe themostati moja kwa moja ili injini ipoe zaidi. Ni kweli?

JIBU: Usitoe. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na hulika haraka. Isitoshe, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato isiyopita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka bila kupozwa, na gari linaweza kuchemsha zaidi. Kama ni mbovu, weka mpya. Ikiwa ina kitundu chenye kipini kinachotikisika, kwa kawaida kielekee juu, maana ndicho kinachopitisha hewa.

SWALI: Kulanti yangu ni ya kijani. Naweza kuongezea nyekundu?

JIBU: Rangi ni rangi tu, kila kiwanda hutia inayoitaka. Linaloamua ni aina ya kinga iliyomo. Za zamani zenye silika hudumu takriban miaka 2, zile za asidi za kikaboni hufika hata 5. Ukizichanganya, kinga hufupika, na baadhi hutengeneza ute unaoziba mirija. Fuata aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, si rangi ya chupa. Ukipungukiwa safarini, ongeza maji yaliyokenekwa; hayo hayagombani na aina yoyote.

SWALI: Kulanti ya zamani niimwage wapi?

JIBU: Si kwenye mtaro wala kwenye mchanga. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa etilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoua figo, na kiasi kidogo tu kinatosha kumuua mbwa au paka. Mtoto naye yumo hatarini. Itie kwenye dumu lenye kifuniko, liandike ni nini, na ulipeleke kwenye gereji au kituo kinachopokea taka za magari. Maji ya mizunguko ya kwanza ya kuosha yana kulanti bado, yaweke humo humo. Na wakati unasubiri injini ipoe, usiliache beseni wazi uani.