Dege Lenye Zamu Yake

Mnaoanza kazi wodi ya watoto hapa Lamu, usiku wenu wa kwanza mtaletewa "dege". Mama ataingia anahema, mtoto kalegea begani, na neno litakuwa hilo moja. Msilidharau. Ni degedege lile lile mlilosoma chuoni: mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, homa imepanda, mwili mzima unatetemeka, macho yamegeuka. Mara nyingi hukoma lenyewe baada ya dakika chache. Mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazameni saa. Likipita dakika 5, mpeni diazepamu kwa njia ya haja kubwa, nusu miligramu kwa kila kilo. Kisha mpimeni sukari na malaria, na mchunguzeni kama ana homa ya uti wa mgongo. Hayo hayarukwi, hata kama mtoto mmeshamzoea.

Lakini hasa nataka tuzungumze juu ya mtoto anayerudi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpokea mtoto wa miaka 2 kutoka kisiwa cha Pate. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nami nikaandika malaria, kwa kuwa huku pwani homa tumezoea kuipa jina hilo. Siku ya nne alikuwa anacheza. Akarudi. Akarudi tena. Mara ya tatu bibi yake, ambaye hakuna aliyemuuliza lolote siku zote hizo, akaniambia: "Mwanangu, dege hili lina zamu yake. Huja bamvua hili, likaruka la pili, likaja tena." Bamvua ni maji makuu ya bahari, nayo huja kila wiki mbili hivi. Nikafungua kitabu cha kliniki, nikazipanga tarehe. Kila baada ya wiki nne, kwa tofauti ya siku moja mbili, na vipimo vyote vitatu vya malaria havina kitu. Niliona haya sana. Kurasa zile nilikuwa nazo mkononi tangu mara ya pili.

Daktari wa watoto alipomfungua kinywa alikuta vidonda vidogo ndani ya mdomo, koo jekundu, na tezi za shingo zimevimba. Ilikuwa homa ya vipindi, ile iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1987 na ambayo leo huitwa PFAPA, herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya dalili hizo. Huanza kabla ya miaka 5, hukaa siku 3 hadi 6, hurudi kila wiki 3 hadi 6, na katikati mtoto ni mzima kabisa, anakula na anakua. Mwezi na bamvua haviileti. Kinga ya mwili hujiwasha yenyewe bila kijidudu. Dozi moja ya predinisoloni huikata homa kwa saa chache, ingawa huweza kukisogeza karibu kipindi kijacho. Watoto wengi huachwa nayo wakikua. Kuna nyingine ya kurithi, homa ya Mediterania, ambayo hukaa siku 1 hadi 3 pamoja na maumivu makali ya tumbo au kifua. Hiyo isipotibiwa kwa kolchisini huweza kuharibu figo, kwa hiyo ulizeni habari za ukoo.

Parasetamoli humpa mtoto nafuu lakini haizuii dege lisije. Mwambieni mama hivyo waziwazi. Nimewaona wengi wakilia kwa kudhani walichelewa kumpa dawa.

Na mnapouliza historia, msiseme tu "tarehe ngapi?" Muulizeni mama: lilikuwa bamvua au maji mafu, yaani maji madogo? Mwezi gani wa Kiislamu, mfungo sita au mfungo saba? Kabla ya Maulidi au baada? Atajibu bila kusita, nanyi ndio wa kugeuza majibu yake kuwa tarehe kitabuni.

Mtoto wa Faza au Siyu, huko Pate, msimruhusu kwenda nyumbani kabla mama hajamlaza kwa ubavu kwa mikono yake mwenyewe, nanyi mkitazama. Maji yakipwa pale Mkanda, mlango wa bahari wa kwendea huko, boti hungoja yajae, na saa hizo yeye ndiye muuguzi pekee aliye karibu na mtoto.