Ndege ya kizee inafaa kubinuka?

SWALI: Shikamoo mhariri. Juzi kijiweni hapa Shangani tulikuwa tunaangalia video kwenye simu ya jamaa, ndege za vita vya pili vya dunia kwenye maonesho huko Uingereza, zinapinduka tumbo juu mbele ya umati. Mi nikasema huo wazimu, kitu kimebaki viwili vitatu dunia nzima unakichezea hivyo? Washkaji wakanicheka, eti ndege imeundwa iruke, kama unaihurumia ipeleke makumbusho ikalale. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mi niko upande wako, ila siyo kwa hiyo sababu yako.

Hilo la kuruka washkaji wamekuzidi. Chombo kisichotumika kinakufa chenyewe, muulize yeyote aliyeacha mashua juu ya mchanga pale Mikindani kiangazi kizima, mbao zimeachana, kalafati imetoka, ukiishusha majini inakunywa maji kama gunia. Ndege nazo hivyohivyo.

Lakini kuruka ni kimoja na kubinuka ni kingine. Ndege ikilala kwenye kona digrii 60 bila kushuka, mabawa tayari yanabeba uzito mara mbili, na kuivuta itoke kwenye mzunguko wa juu-chini ni zaidi ya hapo, na chuma cha miaka 80 huwa kimeshachoka, kinaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni.

Sasa sikia, kuna ndege inaitwa Mosquito, yaani mbu, mwili wake mbao, na mafundi wa samani walishiriki kuiunda wakati wa vita (Wamakonde wangeipenda hii!). Mwaka 1996 ilikuwa imebaki moja tu inayoruka duniani, ikapanda ikageuka kwenye onesho karibu na Manchester, Uingereza, injini moja ikapoteza nguvu, ikaanguka na wote wawili waliokuwemo wakafa. Mbao hazikuwa na kosa. Injini ingesumbua ikiwa inapita tu imenyooka, rubani angekuwa na nafasi ya kufanya kitu. Mpaka 2012 ndo Mosquito ikaonekana tena angani, baada ya watu wa New Zealand kuijenga moja upya.

Unaona basi, ndege inajengwa tena. Ndo maana uadimu kwangu siyo hoja kubwa. Mtu ndo hajengwi tena. Pale Shoreham, kusini mwa Uingereza, Agosti 2015, Hawker Hunter, jeti ya kivita ya miaka ya 50, ilipiga mzunguko ikafika juu ikiwa chini mno na polepole mno, ikashukia barabara kuu, watu 11 wakafa pale barabarani, rubani akapona. Wengine walikuwa wanapita zao tu, hawakukata tiketi ya onesho lolote! Baada ya hapo Waingereza wakazikataza jeti za zamani kufanya sarakasi juu ya nchi kavu, zipite tu. Mi naona walichelewa.

Na kupita tu siyo kitu kidogo jamani. Lancaster, ndege za mabomu za vita hivyohivyo vya pili zenye injini nne kila moja, zinazoruka zimebaki mbili, moja Uingereza nyingine Kanada, na 2014 ile ya Kanada ilivuka bahari ikaenda kuruka na mwenzie, injini nane zinanguruma pamoja. Watafutie washkaji video hiyo, halafu mwambie mwenye simu aongeze sauti.