Kabla hujapanga makundi, piga kura

Matokeo ya jaribio langu la kwanza la tasnifu yalikuwa mazuri mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nilitaka kujua kama anayehifadhi maneno huku anasikia muziki hukumbuka machache kuliko anayehifadhi kwenye ukimya. Nilikuwa na wanafunzi 40. Waliotangulia kufika, 20, niliwapa chumba cha ukimya. Waliochelewa wakaenda kwenye muziki, kwa sababu spika nayo ilichelewa. Kundi la ukimya likaongoza kwa mbali.

Msimamizi wangu alisoma kurasa mbili tu, akauliza: "Hawa waliowahi na hawa waliochelewa, ni watu wa aina moja?"

Nikakosa la kusema. Anayefika saa mbili kamili labda kalala vizuri, labda ndiye msomaji wa darasa. Tofauti niliyoshangilia ingeweza kuwa ya usingizi wala si ya muziki, na takwimu peke yake isingeniokoa, kwa kuwa kosa lilishaingia kabla sijapima chochote. Kazi ya miezi miwili ikaenda na maji.

Kwa hiyo wewe unayeanza, makundi yapange kwa bahati nasibu. Kumteua mtu "bila kufikiri" hakutoshi, maana jicho lina watu linaowapenda. Kata vikaratasi 40, andika A kwenye 20 na B kwenye 20, vikunje, tia kwenye bakuli, kila anayeingia aokote chake. Akina mama wa upatu hufanya hivyo kila siku kujua nani apokee mwanzo, na hakuna anayelalamika kapendelewa nani.

Kosa la pili lilikuwa sauti yangu. Maneno niliyasoma mwenyewe, tena nikijua ni kundi lipi natarajia lishinde. Huko Berlin kulikuwa na farasi aitwaye Hans, aliyesifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui: farasi alikuwa anasoma vijitikisiko vya mwili wa muulizaji, ambavyo mwenyewe hana habari navyo. Kama farasi anaweza, mwanafunzi wa mwaka wa pili atashindwaje?

Mara ya pili nilirekodi maneno kwenye simu, makundi yote yakasikia sauti ileile. Karatasi za majibu zilibeba namba tu, na aliyesahihisha ni rafiki yangu wa uhasibu, asiyejua A ni nani wala B ni nani. (Alidai chipsi mayai. Weka kwenye bajeti.)

Safari hii kundi la ukimya lilitangulia kidogo sana, kiasi ambacho bahati tu ingeweza kukileta. Niliandika hivyohivyo. Msimamizi akapitisha, akasema nirekebishe namba za kurasa.